Neno Lililosikika Mferejini

Malindi, Lushoto
10 Juni 1951

Kwa mdogo wangu Eliudi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu milimani. Habari za kazi, na za joto la Tanga? Mkeo Yunis na watoto hawajambo? Mimi mzima wa mwili ila kifua kinanisumbua kidogo. Masika yamekatika lakini ukungu haujaondoka, na maharage mengi yameozea shambani. Baada ya salamu nakuarifu haya yafuatayo.

Kesi imekwisha. Jaji alipanda Lushoto na gari lake, akaisikiliza, na Ijumaa akamhukumu Kornelio mwana wa Efrazia kunyongwa mpaka afe. Nilikuwepo. Nilikaa benchi la mbele na kaniki yangu, nikamtazama usoni wakati mkalimani akimfasiria. Hakulia. Aliitazama mikono yake tu.

Najua habari umezipata vipande vipande, maana hukuja kumzika mpwa wako Tobia na mtu wa kukueleza vizuri hukumpata. Kornelio unamkumbuka. Alishuka mkongeni akiwa bado mtoto, akarudi juzi juzi akiwa mwanamume mzima, anaongea Kiswahili cha kambini hata na kuku. Shamba lake linapakana na letu na yote mawili yanakunywa mfereji mmoja, kwa zamu. Mwezi wa pili, ukame ulipokuwa mkali, Tobia alipanda mferejini asubuhi na jembe lake kufungulia maji. Mimi nilikuwa chini, nyuma ya kona, nakata majani ya ng'ombe. Nikasikia sauti ya Kornelio ikisema koma, koma. Wewe ni Mshambaa, huna haja ya mkalimani. Kwetu kukoma ni kuua. Nilipofika juu, mwanangu alikuwa amelala ndani ya maji, amekatwa panga la shingo, na Kornelio anateremka mbio kuelekea Mombo. Walimkamatia huko huko stesheni.

Kortini aliapa kwamba Tobia ndiye aliyeanza kumpiga, na kwamba yeye alikuwa anasema Kiswahili, eti anamwambia aache. Jaji akamuuliza, Washambaa wawili, mferejini Malindi, Kiswahili cha nini? Nami niliposimama niliwaambia nilichosikia, kwamba alikuwa anataja kuua.

Sasa nina ombi kwako. Wewe ni dresa wa hospitali na unaingia jela pamoja na daktari. Nimesikia Kornelio ameletwa huko. Siku ikifika nataka uwe pale. Utazame kwa niaba yangu, kisha uniandikie alivyokwenda, kama miguu ilimtetemeka, kama alilitaja jina la Tobia. Sitakuomba kitu kingine.

Ni mimi dada yako,
Zipora


Tanga
27 Juni 1951

Dada yangu mpendwa Zipora,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na kifua kimepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Yunis anakuamkia. Mtoto wetu mdogo alikuwa na homa, ila nimempa kwinini na ameanza kula.

Dada, ulichoniomba sitakifanya. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta namna ya kukukatalia kwa upole, sikuipata, basi nakukatalia hivi hivi. Siku hiyo nitamwomba daktari ruhusa. Akininyima, nitasimama pale nimefumba macho.

Nakueleza sababu, maana nadhani huko juu mnaona kunyongwa ni neno tu. Mtu aliyehukumiwa huwekwa chumba cha peke yake na taa haizimwi. Hupewa chakula kizuri kuliko cha askari wanaomlinda. Kazi yangu mimi ni kumpandisha kwenye mizani, kwa sababu urefu wa kamba unakwenda na uzito wa mtu, na wapo mabwana wanaoukokotoa kwa penseli. Kornelio nimeshampima. Amenenepa. Akiwa juu ya mizani aliniuliza kwa Kiswahili kama mfereji wa Malindi umezibuliwa baada ya masika. Niliandika uzito wake.

Mwaka jana alinyongwa mzee mmoja wa nyika aliyemuua mkewe, nami nilikuwepo. Niliyoyaona sitakuandikia. Nitakuambia tu kwamba tulipomaliza, Bwana Jela alitoa saa mfukoni, akasema kazi imekwenda vizuri, kisha tukaenda kunywa chai. Mzee yule aliua amepandwa na hasira, wazimu wa pumzi moja. Sisi tuliua tukiwa tumelala vizuri na kunyoa ndevu. Tangu siku ile sijui ni yupi kati yetu aliyestahili kuitwa mhalifu. Amri ya tano tuliyokaririshwa misheni haikusema usiue isipokuwa una karatasi yenye muhuri.

Wewe unadhani wauaji ni kabila lao wenyewe. Nami nilidhani hivyo nilipoanza kazi, nikawa natafuta alama machoni mwao. Haipo. Nimefunga vidonda vya wauaji na vya wezi wa kuku, na wote ni watu kama wale unaopigana nao vikumbo sokoni Lukozi. Ilitokea siku moja mbaya, na panga lilikuwa karibu.

Jambo la mwisho. Kornelio anashikilia kwamba alitamka Kiswahili, na aliyesikia ni wewe peke yako. Koma ya pwani ni acha. Fikiri vizuri, dada.

Mdogo wako,
Eliudi


Malindi
11 Julai 1951

Eliudi,

Marahaba. Hali yangu usiniulize tena, mwanamke aliyezika mtoto wake wa pekee hali yake inajulikana. Nimefurahi kwamba wako ameanza kula.

Naona umejifunza kuandika vizuri. Nilikuwa nakubeba mgongoni kukupeleka misheni, mama akiwa ameshatutoka, ili upate kusoma. Sikujua nakubeba uje unifundishe kumhurumia aliyemchinja mwanangu. Unamhurumia kwa kuwa amenenepa? Tobia hakunenepa. Waliokufa hawapandishwi kwenye mizani, na nadhani ndiyo sababu kwenu huko hana uzito.

Unasema hasira ya pumzi moja. Mimi nina hasira tangu nizaliwe. Nimemkasirikia marehemu mume wangu, nimemkasirikia mama yake mpaka nikatetemeka, na panga lilikuwa limechomekwa ukutani jikoni siku zote. Sijaua mtu. Efrazia, mama yake huyo mtu wako, ana ulimi unaounguza na hajaua mtu. Kwa hiyo usiniambie kwamba kila mmoja wetu ni muuaji anayengoja siku yake. Wapo wanaoua na wapo wasioua. Kornelio alipokuwa mdogo aliwapiga mawe mbwa wa watu mpaka wakafa, muulize mtu yeyote wa rika lenu.

Na kuna hili. Zamani ukoo wa muuaji ungeitwa barazani Vugha mbele ya wazee. Wangetoa ng'ombe, wakaja kukaa mbele yetu vichwa chini, wakatuambia kwa midomo yao kwamba wametukosea. Baba alitusimulia, ulikuwepo. Akaja Mjerumani akayaondoa hayo akaleta kamba, akaja Mwingereza akairithi. Mimi kamba sikuiomba. Lakini ng'ombe hawapo tena, wazee wa Vugha wamenyang'anywa kesi za damu, na kilichobaki mkononi mwangu ni hiyo kamba. Sasa unakuja wewe na koti lako jeupe, unataka kuninyang'anya na hiyo.

Hata kesi yenyewe hawakuiita yangu. Karani alisimama akasoma, Mfalme na Kornelio. Nikajiuliza Mfalme amefiwa na nani.

Kuhusu neno, nilisikia nilichosikia. Sisi si watu wa pwani. Koma ni koma.

Dada yako,
Zipora


Tanga
25 Julai 1951

Dada Zipora,

Shikamoo. Hatujambo wote. Nina haraka, kwa hiyo salamu nazikatisha.

Rufani ya Kornelio imetupwa. Amebaki Gavana peke yake, ambaye anaweza kumwondolea kamba akampa kifungo. Lakini Gavana hamjui Kornelio, anasoma makaratasi, na kwenye makaratasi yupo shahidi mmoja na neno moja. Neno hilo likiondoka, anabaki mtu aliyeua bila kukusudia, na huyo hanyongwi.

Uliyosema juu ya ng'ombe nimeyafikiria. Ni kweli, mmeporwa. Lakini aliyekupora ndiye huyo huyo anayekupa kamba, nawe unaishika kwa mikono miwili kana kwamba ni zawadi. Kornelio akifa, nani atakuja kukaa mbele yako kichwa chini? Mfalme?

Sasa nijibu swali hili. Unasema koma ni Kishambaa. Haya, na iwe Kishambaa. Kwa Kishambaa hiyo ni amri, ni kumwambia mtu, ua. Mferejini walikuwepo wangapi? Wawili tu, wewe mwenyewe uliapa hivyo. Basi Kornelio alikuwa anamwamuru nani aue? Alikuwa anamwambia marehemu, niue? Mtu anayetaka kuua haliagizi panga lake. Kwa Kishambaa neno lile halina kichwa wala miguu. Lina maana kwa Kiswahili tu, na kwa Kiswahili ni mtu anayeomba aachwe.

Na kwamba Kornelio akifoka hufoka kwa Kiswahili, wewe unajua kuliko jaji. Uliniandikia kwa mkono wako, hata na kuku. Mimi uliniambia kwa mzaha, jaji hukumwambia.

Nitasema kitu na utakasirika. Ukinyamaza huku unajua, tofauti yako na Kornelio ni moja, kwamba yeye hakupata nafasi ya kufikiri na wewe unayo. Mimi nitampima na wengine watavuta, lakini atakayekuwa ameua ni wewe. Nenda bomani Lushoto ukamwambie Bwana DC. Ni mwendo wa asubuhi moja tu.

Mdogo wako,
Eliudi


Malindi
6 Agosti 1951

Bwana Eliudi,

Sikuamkii, wala usiniamkie. Umeniita muuaji kwa wino, ukaweka na stempu.

Una swali, nami nina langu. Kama Kornelio alikuwa anaomba aachwe, aachwe na nani? Asifanywe nini? Wewe msomi unajua unachoniomba? Unaniomba nikasimame mbele ya Mzungu niseme kwamba mwanangu alikuwa anampiga mtu. Nimfanye Tobia mhalifu akiwa kaburini, mahali ambapo hawezi kukata rufani. Kornelio anaye Gavana, anao mawakili, anakupata na wewe unampima na kumhurumia. Tobia ana mimi.

Usiniandikie tena.

Zipora


Tanga
23 Agosti 1951

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaki kuiitikia. Umenikataza kuandika na bado naandika.

Efrazia alikuja. Alishuka kwa miguu mpaka Mombo, akapanda gari moshi, akaruhusiwa kumwona mwanawe kupitia wavu. Alipotoka alinikuta nje kwenye ngazi. Nilidhani ataniangukia miguuni. Aliniuliza kama bado unakohoa, basi, akaenda zake stesheni.

Bwana Jela ameniagiza nimpime Kornelio tena. Mtu hapimwi mara ya pili bila sababu.

Sikubali kwamba kusema kweli ni kumhukumu marehemu. Kijana anayempiga mwenzake kwa ajili ya maji wakati wa ukame si mhalifu, ni kijana. Kila mfereji wa Usambara umeona ngumi. Adhabu ya kupigana haikuwa kifo, si kwake wala si kwa Kornelio, na hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo. Wewe ndiye unayetaka kila aliyekosea awe ameumbwa mkosaji. Ndiyo maana unaogopa. Ukimpa mwanao kosa moja tu, kwa mawazo yako atakuwa amehamia upande wa wahalifu.

Nami nakuonya kama ulivyonionya. Kornelio akinyongwa na wewe umekaa kimya, Malindi sitakanyaga tena. Utazikwa bila mimi.

Mdogo wako,
Eliudi


Tanga
28 Septemba 1951

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na tena shikamoo. Unaendeleaje? Kifua je? Sisi hatujambo kabisa, na leo nyumba nzima ina furaha.

Gavana amemwondolea Kornelio kamba. Atafungwa miaka, lakini ataishi. Nilikuwa nimesimama pale aliposomewa. Alikaa sakafuni, kisha akaniuliza kama sasa taa itazimwa. Nikamwambia ndiyo.

Sijui ulikwenda bomani siku gani wala ulisema nini, kwa kuwa hukuniandikia. Ila najua ni wewe. Bwana Jela anasema maelezo mapya yalitoka kwa Bwana DC Lushoto, ya shahidi yule yule. Nimemsimulia daktari kisa chote cha lile neno, jinsi lilivyo acha huku na ua huko, na jinsi nilivyouliza ni nani aliyekuwa anaamriwa. Alicheka kwa mshangao, akasema angependa kuwaandikia wenzake Ulaya wanaotaka kamba ifutwe kabisa. Umeona, dada? Wapo hata kwao.

Haki imeshinda. Tuliyoandikiana yalikuwa makali, naomba tuyasahau, kila mmoja wetu alikuwa anapigania analoliamini. Umeokoa uhai wa mtu na ninaona fahari kuitwa mdogo wako. Yunis anataka tuje Krismasi, watoto wamwone shangazi yao.

Mdogo wako akupendaye,
Eliudi


Malindi
15 Oktoba 1951

Eliudi,

Barua yako imefika. Nashukuru kusikia Yunis na watoto ni wazima. Huku kifua kimepoa na vuli zimeanza vizuri. Nitakueleza ilivyokuwa, mara hii moja, ili usiende kujisimulia mwenyewe.

Sikwenda bomani kwa ajili ya vitisho vyako. Usiponizika nitazikwa na wengine. Zamu yetu ya kukarabati mfereji ilifika, nikapanda mwenyewe kwa kuwa sina wa kumtuma. Unaijua kazi ile. Unaweka udongo ukingoni, unageuza jembe, unaupiga kwa mpini mpaka ushikamane. Nilipiga mara chache, nikasimama. Sauti ile nilikuwa naijua. Ndiyo niliyoisikia siku ile, nikiwa chini kwenye majani ya ng'ombe, kabla ya neno. Ilitangulia mishindo, ndipo likaja koma. Nilidhani Tobia anashindilia ukingo. Nilisema moyoni, mwanangu ni mchapakazi. Na kortini hawakuniuliza nilisikia nini kabla, wala mimi sikuona kama ni kitu cha kusema, maana mtu kushindilia mfereji si habari.

Lakini siku ile hapakuwa na udongo mpya pale juu. Masika hayakuwa yameanza, ukingo ulikuwa mkavu na mzima. Hakuna aliyekuwa anashindilia kitu chochote isipokuwa mwili wa mtu. Nilikaa ndani ya maji na nguo zangu. Swali lako la nani alikuwa anaamriwa lilikuwa limenikaa kichwani wiki nyingi, nami nilikuwa nalizunguka. Pale liliishia.

Kesho yake nikaenda Lushoto. Karani ni mtu wa kwenu huko pwani, Suleimani, ana adabu. Nilieleza kwa Kishambaa changu na Kiswahili changu, yeye akaandika. Niliwaambia mishindo ilitangulia. Niliwaambia Kornelio hafoki kwa Kishambaa, alikuwa anamfokea hata ng'ombe wa mama yake kwa Kiswahili na sisi tukimcheka, tukimwita Mswahili wa mkonge. Bwana DC akaniuliza kama watu wa Efrazia wamenitisha. Nikamjibu aliyenitisha ni mdogo wangu. Akaniuliza, kwa hiyo marehemu ndiye aliyeanza kupiga? Nikasema ndiyo. Suleimani akaliandika, akanisomea, nikaweka sahihi yangu.

Usidhani nimemsamehe. Ningeweza kusema kweli na bado akanyongwa, ningelala vizuri. Yote uliyoniandikia kuhusu mizani na chai na saa ya Bwana Jela sijui kama ni kweli mbele ya Mungu, huenda ni kweli. Nilikwenda kwa sababu neno lililokuwa linamvuta Kornelio lilitoka kinywani mwangu likiwa limepinda, na Tobia hakuwa mtu wa kulipiwa kwa kitu kilichopinda. Angekuwa hai angenikatalia. Alikuwa na hasira za haraka, nilijua, alizipata kwangu. Akikosea alikuwa anakuja jikoni anakaa karibu na moto bila kusema, mpaka nimpe chakula.

Sasa huku habari imegeuka. Mferejini wanasema Tobia alikuwa mkorofi wa maji tangu zamani. Wanaosema ni watu waliokuwa wakiazima jembe lake. Kanisani mama mmoja aliniambia pole kwa sauti nyingine, ile wanayowapa wazazi wa wafungwa. Efrazia alikuja na mkungu wa ndizi, akausimamisha mlangoni. Sikumfungulia. Alisimama muda mrefu, akaenda, na ndizi zililiwa na mbuzi.

Kisha ikaja hii barua yako ya furaha. Nimezitoa barua zako zote nikazitandaza kitandani, nikazisoma moja moja kama ulivyonishauri kufikiri vizuri. Yumo Kornelio kila mahali. Yumo Gavana, yumo daktari na wenzake wa Ulaya, yumo mzee wa nyika ambaye sikumjua. Nimetafuta jina la mwanangu. Halimo. Umeandika marehemu. Umeandika kijana. Umeandika mwanao, kana kwamba hakuwa wako.

Wewe ni mjomba wake, Eliudi. Ni wewe uliyemshika siku ya ubatizo kwa kuwa baba yake alikuwa anaumwa, na mchungaji alipouliza aitwe nani, ni wewe uliyejibu. Likizo ulipokuwa unapanda kutoka shuleni alikuwa analala miguuni pako, hataki kwangu. Miezi yote hii umepigania mtu asife, na umeshinda, na labda mbinguni utalipwa. Mimi nimelitoa jina la mwanangu likachafuka ili huyo mtu wako aishi. Wewe hukuweza hata kuliandika.

Krismasi msije. Kornelio atamaliza kifungo chake siku moja atarudi, kwa kuwa hana kwingine. Atapita mferejini, atanikuta, ataniamkia, na shikamoo yake nitaiitikia, maana ndivyo tulivyolelewa. Yako sitaiitikia.

Mama Tobia